Ukuta Ulikuwa Mbichi

Kazini walimwita Sikio, na hakuna aliyemwita hivyo kwa ubaya. Wataalamu wengine wa tiba ya viungo humtazama mgonjwa anavyotembea; yeye alimgeuzia mgongo. Alimsimamisha mgonjwa mwisho wa chumba cha mazoezi, akamwambia, "Njoo taratibu, usinijali mimi," kisha akaugeukia ukuta, akainamisha kichwa kidogo na kusikiliza. Mguu mzima hugonga sakafu ukanyamaza. Mguu uliopigwa na kiharusi hugonga, halafu hukokota. Kwa ule mkokoto tu aliweza kukuambia kama ni goti linalokataa au nyonga, na kiatu kimelika upande gani. Wagonjwa wapya walidhani amewasusia. Wa zamani waliwaonya: "Huyo ukijitutumua kwa ajili yake unajichosha bure. Hakuoni."

Hakuzaliwa na tabia hiyo. Aliisomea mbali, katika nchi ambako alilazimika kwanza kujifunza lugha ya watu ndipo afundishwe mifupa yao, kwa mwalimu mmoja mkavu aliyeamini kwamba macho yana huruma na masikio hayana. Sikio alimaliza masomo, akafaulu vizuri, na alikuwa karibu kuanza kazi huko huko aliposikia kwamba baba yake ameanguka.

Baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, na mtaa mzima ulimwita Fundi, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa wanajaribu tu. Alipaka shule, akapaka maduka, akapaka nyumba za watu ambao hawakumpa hata maji ya kunywa. Kwake mwenyewe palikuwa na sheria moja isiyo na rufaa: ukuta haushikwi. Mtoto aliyepita kwenye korido akiburuza kiganja alipewa kitambaa chenye sabuni, akasugua mpaka Fundi aseme basi. "Ukuta si mkongojo," alikuwa akisema. "Mwenye miguu atembee kwa miguu."

Miaka yote alipanda ngazi bila kuteleza, akaja kuangukia bafuni, chini kabisa, akiwa na taulo na ndala. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia. Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu hurudi zizini; hapa aliyevunjika alikuwa zizini tayari, na aliyerudi ni mzima. Sikio alipofika alimkuta shangazi yake, mdogo wake Fundi, ameshahamia na masufuria yake yote, anamlisha kaka yake uji kwa kijiko huku akimgombeza kwa kuumwaga.

Basi akaanza kazi. Asubuhi alikwenda hospitali ya mji ule, ambako walimwajiri kwa muda, katika chumba chenye baiskeli moja ya mazoezi iliyokosa kanyagio. Alasiri ilikuwa zamu ya baba. Alimfundisha kukaa, kisha kusimama, kisha kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, na Fundi alitii kama mwanafunzi, isipokuwa siku ambazo alilia. Siku hizo Sikio alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Mkono wa kulia haukurudi. Mguu ulirudi nusu. Na pale mguu ulipoanza kurudi, hospitali ikatangaza kwamba kitengo cha tiba ya viungo kinafungwa. Sikio ilibidi atafute pa kwenda, na hakuwa mtu wa kukosa pa kwenda. Tabu yake ilikuwa kwamba alipata pawili.

Pa kwanza palikuwa jirani, ng'ambo ya mpaka, mwendo wa basi la usiku mmoja, katika mji alikoolewa dada yake. Lakini shahada yake ya ugenini haikutambuliwa huko. Wangemwajiri kama msaidizi, akisukuma viti vya magurudumu na kukunja mataulo, mpaka baraza lao litakapoamua kama mifupa aliyosomea yeye ni ile ile waliyo nayo wao. Wenzake waliotangulia walikuwa bado wanakunja mataulo.

Pa pili palikuwa mbali, mbali ya ndege mbili. Hospitali yenye jengo zima la wagonjwa wa kiharusi, na mtihani wao alikuwa ameshaufaulu. Angeanza kazi na cheo chake kamili. Ila mwaka wa kwanza mzima hakuna ruhusa ya kusafiri, na hata baadaye safari yenyewe si ya kwenda leo kurudi kesho.

Tuseme ukweli, kwa kuwa yeye hakuusema: alipataka pale pa mbali. Alipataka mpaka akaona haya. Alikuwa akitazama picha za lile jengo jinsi wengine wanavyotazama picha za harusi, na akisikia fimbo ya baba inagonga sakafuni anaifunika simu.

Dada yake alipiga simu siku ya Jumapili.

"Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje, mdogo wangu. Njoo huku. Baba akiugua, jioni unapanda basi, asubuhi uko naye."

"Nije kusukuma viti, dada?"

"Viti vina ubaya gani? Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Nimeinama miaka yote ile ya masomo. Mgongo unauma."

"Na baba je?"

Sikio akasema jambo ambalo lilimjia wakati huo huo na likamfurahisha kwa sababu lilionekana la haki. "Sikia. Baba akiweza kutembea korido yote bila kushika kitu, nakwenda mbali. Asipoweza, nakuja kwako. Basi, mjadala umekwisha."

"Umemwambia mwenyewe?"

"Thubutu! Atajilazimisha."

Alisema hayo jikoni, mlango wazi, katika nyumba ambayo mtu akipiga chafya chumbani, aliye sebuleni humwambia pole.

Korido ilianzia mlangoni kwa Fundi ikaishia sebuleni. Kila alasiri Sikio alikaa sebuleni, mgongo kwenye korido, na Fundi akaja akiwa ameiacha fimbo kitandani. To, shwaa. To, shwaa. Baada ya hatua chache alisimama, akapumua, akaomba fimbo yake, na shangazi akampelekea. Hiyo ilikuwa kabla ya ile Jumapili. Baada yake, mambo yakabadilika. Fundi akawa haombi fimbo. Ile shwaa ikapungua, ikawa nyembamba, na siku moja akaja mpaka sebuleni bila kusimama, akaketi kitini pake kwa kishindo cha mtu aliyeshinda kesi.

"Vipi, dokta?"

"Goti linaitikia," alisema Sikio. Usiku ule hakula vizuri kwa furaha.

Angekuwa mgonjwa mwingine yeyote, Sikio angemtilia shaka. Miguu haiponi kwa ghafla hivyo baada ya kugoma miezi. Ila huyu alikuwa baba yake, na lile jengo lilikuwa linamngoja, na mtu akitaka kusikia jambo atalisikia hata kwenye redio iliyozimwa.

Ikafika siku moja kabla ya siku ya mwisho ya kutoa jibu. Sikio aliomba ruhusa kazini akarudi nyumbani mapema, saa ambayo hakuwahi kurudi. Alipokelewa na harufu ya rangi. Shangazi alikuwa kwenye sinki la jikoni akijisugua mikono kwa mafuta ya taa.

"Mtu ni kaka yako wa damu, akikuamsha kwa brashi badala ya salamu utamfanyaje?" alisema shangazi. "Kakaa kwenye kiti ananiamuru: juu, chini, usirudierudie. Mimi na umri wangu huu nafundishwa kazi."

"Kwa nini leo, shangazi?"

Shangazi akarudia kusugua kidole ambacho kilikuwa safi tayari. "Muulize mwenye ukuta."

Sikio akaingia korido. Ulikuwa umepakwa ukuta mmoja tu, ule wa kushoto kwa mtu anayetoka chumbani, na uling'aa kama kikombe kilichooshwa sasa hivi. Sauti ya Fundi ikamfikia kutoka ndani: "Usiguse ukuta, mama. Mbichi." Alimwita mama kwa kuwa alirithi jina la bibi yake, mama mzazi wa Fundi, na kwa kuwa siku hizi ilikuwa karibu kweli.

"Rangi gani hii?"

"Ya mafuta. Ya maji uchafu haufutiki."

"Imependeza, Baba."

Alifurahi kweli. Vitabuni aliandikiwa kwamba mgonjwa akianza kujali tena kazi yake, hiyo ni dalili njema kuliko nguvu za mkono. Alisimama mlangoni kwa baba yake, simu mkononi. Fundi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na koti lake la nyumbani.

"Njoo sebuleni, nikusikilize."

"Leo nimechoka. Tuseme kesho."

"Kesho ndiyo mwisho wa kujibu, Baba, sitaki kubahatisha. Leo ndiyo leo. Kama umechoka si neno, nitajua la kujibu."

Alilisema kwa upole, na hakujua amesema nini. Fundi aliutazama ukuta wa korido, ambao yeye kuliko mtu yeyote katika mji ule alijua utakauka saa ngapi. Kisha akamtazama binti yake.

"Nenda kaketi," alisema. "Nakuja."

Sikio akaketi, akaipa korido mgongo, akafumba macho. Shangazi alitokeza kwenye mlango wa jikoni huku mikono inamchuruzika maji, akafumbua mdomo, akaufunga. To. To. To. Hatua zilikuja polepole kuliko siku nyingine lakini safi, hazikukokota hata moja. Fundi akapita nyuma ya kiti cha binti yake, akazunguka, akaketi.

"Vipi?"

"Safi," alisema Sikio. Alifurahi mpaka machozi, na chini ya furaha ile palikuwa na hofu ndogo, kwa sababu sasa hakuwa na kisingizio. Alifungua simu akaandika jibu lake kwa wale wa mbali: ninakubali, ninashukuru, nitafika. Shangazi akaleta chai, akaweka kikombe cha Fundi kwenye stuli yake upande wa kushoto kama kawaida, akasimama hapo hapo na sinia.

"Tuma basi," alisema Fundi.

"Kunywa chai kwanza, natuma."

"Chai haina miguu. Tuma."

"Itapoa, Baba."

"Naipenda ya baridi."

Sikio akainua macho. Huyu ni mtu aliyewahi kurudisha chai jikoni kwa kosa la kuwa ya moto tu badala ya moto sana. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, alimtazama baba yake badala ya kumsikiliza. Mkono wa kulia ulikuwa umelala gotini kama siku zote. Wa kushoto, ule unaokunywa chai, ulikuwa umezama ndani ya mfuko wa koti, na kwenye mdomo wa mfuko kitambaa kilikuwa kinalowa rangi ya maziwa.

"Toa mkono, Baba."

"Upi?"

"Baba."

Fundi akautoa. Ulikuwa umepakwa kuanzia ncha za vidole mpaka kwenye kifundo, rangi ya mafuta, nzuri, iliyokorogwa vizuri. Shangazi akaweka sinia chini.

"Mimi nilimwambia," alisema. "Nilimwambia njia ya mwongo ni fupi, na hii yenyewe ni korido tu."

Sikio alikwenda kutazama. Vidole vinne vilikuwa vimepita kwenye ukuta kutoka mlango wa chumba mpaka sebuleni, mistari minne usawa wa nyonga, haikukatika popote. Mahali pamoja, katikati, palikuwa na kiganja kizima. Hapo alikuwa karibu kuanguka. Na ndani ya mistari, pale rangi mpya ilipokwanguliwa, ulionekana ukuta wa zamani, na juu yake ukanda mweusi wa uchafu wa mkono uliopita hapo kila siku tangu ile Jumapili. Hakuwahi kuusikia. Mkono wa fundi rangi umezoea kupita ukutani bila kelele. Ndiyo kazi yake. Ukuta wa pili haukuwa na alama yoyote. Hapo akakumbuka kwamba muda wote huo alimsikiliza baba yake akija tu. Kurudi alirudishwa na shangazi, yeye Sikio akiwa ameshainuka kwenda kuoga.

Alirudi sebuleni na hasira.

"Ungeanguka!"

"Sikuanguka."

"Ungeanguka mimi nikiwa huko mbali, sijui lolote, nawaambia watu baba yangu anatembea!"

"Shangazi yako yupo."

"Shangazi anaweza kukuinua?"

"Siwezi," alisema shangazi. "Ila kupiga kelele naweza."

Fundi aliutazama mkono wake, akaugeuza huku na huku, kama mtu anayekagua kazi ya mwanagenzi.

"Nilikusikia unaongea na dada yako," alisema. "Mama, nimepaka nyumba za watu tangu hujazaliwa. Mteja akiniuliza apake rangi gani namwonyesha zote, lakini simchagulii. Ukimchagulia, miaka yote atakayoishi mle ndani atakuwa anakulaumu wewe. Sasa wewe umeupa mguu wangu ukuchagulie. Mguu wenyewe ndio huu. Ukishindwa, nikae nao hapa kila siku nikiutazama, nikijua ndio uliokupeleka ukasukume viti? Nikaona bora nishike ukuta."

Sikio aliketi. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Ndugu wa wagonjwa wangapi aliwakanya, wasimtwishe mgonjwa mipango yao, wasimwambie harusi inangoja upone. Na yeye alimtwisha wake, tena akauita haki.

"Simama," alisema. "Rudi chumbani. Nataka kukuona ukirudi."

"Nishike nini?"

"Ukuta wa upande ule."

"Nitauchafua."

"Uchafue, Baba."

Fundi alisita kuliko alivyosita mbele ya rangi mbichi. Kisha akaweka mkono wake wenye rangi juu ya ukuta safi, akaanza kwenda. Sikio alimfuata nyuma na macho yake wazi. Aliona nyonga inapanda ili mguu upite, aliona kisigino hakifiki chini, aliona bega zima linaning'inia kwenye vidole vitano. Angekuwa baba wa mtu mwingine, angewaambia jamaa zake tangu mwanzo, bila kupepesa: huyu atatembea, lakini hatatembea mikono mitupu tena, mpeni cha kushika. Alilijua hilo muda mrefu. Alilikalia kimya.

Fundi alifika kitandani, akageuka, anahema.

"Hutatembea bila kushika kitu," Sikio alimwambia. "Si mwezi ujao, si mwakani."

"Najua."

"Na mimi nataka kwenda. Nataka sana, Baba. Ningetaka hata kama usingeweza kusimama."

"Hilo nalo najua," alisema Fundi. "Nilikuwa nangoja ulijue wewe."

Sikio akalisoma jibu lake tena pale pale mlangoni, hakubadilisha neno, akalituma. Shangazi alianza kulia jikoni kwa sauti, bila kumwonea mtu haya, na Fundi akaketi kitandani akauweka mkono wake juu kwa juu usiguse shuka.

"Haya," alisema. "Sasa niletee mafuta ya taa, na chai nyingine. Ile imepoa."

Dada yake alinuna, na akinuna dada yule hununa kwa vitendo: alisafiri kwa basi akaja kumwambia ana kwa ana kwamba amenuna. Alikuta seremala yuko kwenye korido anapigilia mbao ya kushikia, pande zote mbili, juu ya ile mistari ya vidole, usawa ule ule. Fundi alikuwa kitini anamwamuru: juu, chini, usipigepige. Dada alisimama akimtazama baba yao anaijaribu ile mbao, kwenda na kurudi, kisha akavua viatu akaingia jikoni kumsaidia shangazi. Siku ya kuondoka ndiye aliyemshonea Sikio zipu ya begi.

Mapumziko ya mchana ya Sikio huko aliko ni alasiri ya nyumbani. Ana chumba cha mazoezi chenye baiskeli nyingi, zote na kanyagio zake, na wagonjwa wanaodhani amewasusia. Mapumziko yakianza hutoka na simu kwenye ngazi za nyuma za jengo. Shangazi huiweka simu juu ya kiti cha sebuleni, kioo kikitazama mbali na korido, kwa sababu aliambiwa mara moja kwa utani na yeye akadhani ni lazima. To, shwaa. To, shwaa. Na katikati yake, kiganja kinachoteleza juu ya mbao, kikavu, kinasikika vizuri.

Siku moja alisikia miguu peke yake.

"Baba, mkono uko wapi?"

Hatua zikasimama. "Nilitaka uone kama naweza."

"Sioni, Baba. Nasikia tu. Rudisha mkono."

Mbao ikaanza kusikika. Fundi alifika kwenye simu, akainama akapumulia ndani yake, akauliza kama kule kuna baridi, akaambiwa ipo, akasema apake mafuta.

"Sasa rudi," alisema Sikio.

"Muda wako haujaisha?"

"Bado. Rudi, nakusikiliza."

Akasikiliza. Mguu, mkokoto, kiganja. Mguu, mkokoto, kiganja. Hatua zilikwenda zikiiacha simu nyuma, zikapungua, zikawa za mtu wa nyumba ya pili, mpaka hazikusikika tena, naye akabaki pale kwenye ngazi na simu sikioni, hakukata, mpaka shangazi alipokuja kumwambia amefika.